Malimbuko ya Mtaalamu wa Maharage

Kwa miaka saba, kijijini kwetu kule milima ya Ileje, nilikuwa mtaalamu wa maharage. Siyajui maharage. Nayajua yakishaiva na kuungwa kwa kitunguu na nyanya, na hata hapo usiniulize ni aina gani. Lakini nilikuwa mtaalamu, na kila nilipokwenda likizo niliwakuta watu wamekaa barazani kwa baba wakinisubiri, wameshika majani ya maharage yaliyonyauka, wameyafunga kwenye leso.

Uongo huu niliuanzisha mwenyewe, tena nikiwa na tonge mkononi. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeajiriwa chuo kikuu. Nilikwenda nyumbani kusalimia, na baba, ambaye ni mzee wa kanisa, akamwalika mchungaji chakula cha mchana ili amwoneshe mtoto wake. Tulipokwisha kuomba, baba akajikohoza, akaniuliza kwa sauti ya matangazo ya Jumapili, "Haya mama, mweleze mchungaji, huko chuoni unatafiti nini?"

Sasa, ukweli ni kwamba nilikuwa natafiti mambo ya ngono. Nilikuwa nakaa wiki nzima nzima Tunduma, mpakani, nikiwauliza madereva wa malori wanalala na nani, mara ngapi, na kama wanatumia kinga. Neno ngono baba yangu hajalitamka maishani mwake. Alipata watoto sita na marehemu mama, na jinsi anavyolisimulia jambo hilo ungedhani tulishuka na mvua.

Nikamtazama mchungaji, nikamtazama baba, nikaitazama sahani.

"Maharage, baba," nikasema.

"Maharage!" Baba akampiga mchungaji begani. "Unasikia? Siyo hawa wanaokwenda kusomea maneno matupu. Chakula!"

Mimi ni mtu wa hasira za karibu na mdomo usio na breki, waulize wenzangu kazini. Nimewahi kumfokea mkuu wa idara mbele ya wageni wake. Lakini mbele ya baba huwa narudi kuwa mtoto wa darasa la tatu. Yule mzee alinilipia shule kwa kuuza kahawa yake gunia kwa gunia, na alitembea kifua mbele kijiji kizima kwa sababu yangu. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni kuuona ule uso unanigeukia kwa aibu. Basi nikameza tonge, na maharage yakawa taaluma yangu.

Kazi yenyewe niliipenda, sitaficha. Tunduma ya miaka ile ilikuwa imefunguka. Biashara ilikuwa huria, maduka yalichipuka kila nilipogeuka, gesti zikawa nyingi kuliko nyumba za kuishi, na malori yalipanga foleni siku tatu, siku nne, yakisubiri kuvuka. Dereva aliyekaa kwenye foleni siku nne hana haraka. Nilipita lori kwa lori na dodoso langu chini ya kwapa, na wale waliotoka upande wa pili wa mpaka walinisalimu kwa lugha yao, "Mulishani, mayo," nami nikaitikia, kisha nikawauliza mambo ambayo hata wake zao hawajawahi kuwauliza.

"Katika miezi mitatu iliyopita umekuwa na wapenzi wangapi?" nilimuuliza mmoja aliyekuwa anakaanga mayai kwenye jiko la mkaa kando ya tairi.

Akafikiri sana. "Unataka kwa mkoa," akasema, "au kwa nchi?"

Dodoso halikuwa na nafasi ya mkoa. Niliandika pembeni kwa penseli, na hiyo pembeni ndiyo iliyokuja kuwa makala yangu ya kwanza. Jibu jingine nililipata Kamsamba, kule bondeni kwenye joto, kwa mfugaji mmoja aliyenikaribisha maziwa vizuri kabisa mpaka nilipofika swali la nane. Akaweka kibuyu chini. "Binti," akasema, "mke wangu wa kwanza amekaa kulia kwangu, na wa pili amekaa kushoto. Unataka nijibu, au unataka nife?" Nikaruka swali la nane.

Baada ya wagonjwa watarajiwa nikahamia kwa madaktari. Niligundua kwamba watu wanaougua magonjwa ya sehemu za siri walikuwa tayari kuniambia mimi, mgeni mwenye dodoso, mambo ambayo hawakuwaambia waganga wao. Nikataka kujua kwa nini. Utafiti ukataka vituo vya mjini, vya barabarani kama Mlowo, na kimoja cha milimani. Mimi milima nisiyoijua siwezi kuipanda, kwa hiyo nikachagua zahanati ya kwetu.

Daktari wa zahanati yetu alikuwa mtu mwema. Alikuwa mganga tu kwa cheo, lakini wote tulimwita daktari. Mchana na usiku alitoka kwake kwenda kwa mgonjwa bila kunung'unika. Tatizo lake lilikuwa sauti. Aliimba besi kwenye kwaya, na Mungu hakumwekea kitufe cha kupunguza. Mgonjwa aliongea kupitia kidirisha, foleni imekaa kwenye benchi nyuma yake, na daktari aliyarudia maelezo ya mgonjwa kwa sauti ili ayaandike vizuri kwenye daftari. Nilikaa kwenye benchi lile siku mbili. Siku ya pili alitoa kichwa dirishani akaita, "Yule mwenye muwasho wa sehemu za siri, dawa zako tayari!"

Hakunyanyuka mtu. Benchi zima lilitazama viatu vyake. Mwanaume mmoja akaanza kupiga mluzi. Dawa zile zilikaa dirishani mpaka zahanati ilipofungwa, na mimi nikayaandika yote. Kijiji kiliambiwa nimekuja kuchunguza jinsi maharage yanavyojaza watu tumbo gesi. Daktari peke yake ndiye aliyejua ukweli, maana barua ya kibali ilipita mezani kwake. Naye, kwa sababu zake, aliinyamazia.

Huku nako, utaalamu wangu wa maharage ulizidi kuota mizizi. Mwaka wa kwanza nilijibu maswali kwa tahadhari: ng'oa yaliyougua, panda mapema. Mambo hayo yanaweza kumfaa mtu yeyote na chochote. Yakafaa. Nikapata kiburi. Mwaka mwingine bibi mmoja jirani yetu, mjane anayelima kipande kilicho chini ya kanisa, alinijia na majani yenye madoadoa, nami nikamwambia anyunyizie maji ya sabuni. Sabuni gani, kiasi gani, sikusema, kwa sababu sikujua. Nilisema kwa sauti ya daktari wa falsafa, bibi akanishukuru, akaniachia kuku.

Mtu pekee aliyenitia wasiwasi katika fani hii alikuwa baba mwenyewe, kwa sababu aliacha kula maharage. Aliacha ghafla, kama mwaka wa tatu wa uongo wangu, mwaka mmoja baada ya mama kutangulia. Alisema yanamjaza gesi. Akawa anatafuna vidonge vyeupe alivyopewa zahanati, na kila tulipopika maharage yeye alikula mboga za majani kwa uso wa mtu aliyefungwa jela. "Wewe mtaalamu," aliniambia mara moja, "huwezi kutafuta mbegu isiyo na gesi?" Nikamwambia tupo mbioni.

Basi. Likizo moja nilikuja na karatasi zangu za kuombea kupandishwa cheo. Chuoni hawapandishi mtu kwa uzuri wake, wanahesabu machapisho, kwa hiyo nilikuwa na orodha ya makala zangu zote kurasa mbili, kwa Kiingereza, na nakala za makala zenyewe. Niliziacha kitandani nikaenda kuoga. Niliporudi nilimkuta baba ameketi kwenye kigoda, miwani puani, anashuka na kidole mstari kwa mstari. Kiingereza hakijui. Anajua Kindali na Kiswahili cha Biblia. Lakini kuhesabu anajua.

"Kumi na moja," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Vitabu kumi na moja umetunga."

"Makala, baba. Siyo vitabu."

Hakunisikiliza. Aliinua uso, na nikaona kwamba hakuwa na furaha niliyoitarajia. "Mama," akaniambia taratibu, "kuku wetu wa kwanza kutaga, yai lilikwenda wapi?"

Jibu nililijua tangu utoto. "Kanisani."

"Mshahara wako wa kwanza?"

"Kanisani, baba."

"Na kitabu chako cha kwanza?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu malimbuko si mchezo. Cha kwanza cha kila kitu ni cha Mungu: mkungu wa kwanza, debe la kwanza, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Unakipeleka sikukuu ya mavuno, kinawekwa mbele ya madhabahu, kinaombewa, halafu baada ya ibada kinanadiwa nje uwanjani, na anayekinunua anakwenda nacho kwake kama baraka. Mzee wa kanisa ambaye mtoto wake amevuna mara kumi na moja bila kuleta cha kwanza ni mzee wa kanisa mwenye mtoto mwizi. Na sikukuu ya mavuno ilikuwa Jumapili ile ile.

Nilijitetea. Nilisema karatasi haziliki. Baba akasema hata pamba hailiki na watu wa pamba huleta. Nilisema ni Kiingereza. Akasema Mungu anakijua. Siku iliyofuata nikadanganya nakwenda kununua sukari, nikapanda gari hadi Mlowo kumtafuta bwana shamba ninayemfahamu, nikitumaini kupata kijarida chochote cha maharage nikibadilishe kimya kimya. Alikuwa na kimoja tu kabatini, cha kuogesha ng'ombe, chenye picha ya ng'ombe jalada zima. Nilikishika kwa muda mrefu nikikifikiria. Kisha nikakirudisha, nikanunua sukari.

Kwa hiyo Jumapili makala yangu ya kwanza, ile ya madereva wa malori, ilikwenda kanisani. Baba aliona ya kwanza peke yake inaonekana nyembamba mno kwa mtu mkubwa kama Mungu, akaongeza na ya pili yake, ile ya madaktari. Alizilaza kwenye ungo, juu ya maharage mapya, akazifunika kitambaa cheupe alichofuma mama. Alizibeba mwenyewe kifuani, akapita katikati ya waumini polepole, na watu wakampigia makofi. Mimi nilikuwa benchi la nne. Nilijifanya natafuta wimbo kitabuni.

Mchungaji akaziombea. Aliomba kazi ya mikono yangu izae mara thelathini, mara sitini na mara mia. Nikiwakumbuka wale madereva, sikuweza kusema amina.

Katikati ya ibada baba alitoka nje mara mbili. Nikadhani ni furaha imemzidi.

Mnada ulianza juani, mbele ya mlango wa kanisa. Mpiga mnada wetu alikuwa mwuza mitumba kwenye magulio, mtu anayeweza kukuuzia shati lako mwenyewe ulilovaa. Akamaliza kuku, akamaliza maboga, akamaliza mkungu uliozua ugomvi mdogo kati ya familia mbili. Halafu akainua makala zangu juu. Akazigeuza. Mpiga mnada hauzi kitu bila kukisifia, na huwezi kukisifia usichoweza kukisoma.

"Daktari!" akaita. "Wewe mwenye Kiingereza, njoo utusomee huu mzigo ni mzigo gani."

Daktari akatoka kwenye kundi la kwaya, bado na joho. Akapokea. Akasoma kichwa cha habari cha ile ya juu, na nikaona nyusi zake zinapanda. Akafunua ya pili. Hapo nyusi zikashuka. Akafungua ndani, akatafuta, akasoma kwa kidole kama baba, na midomo yake ikawa inacheza. Mtu asiyejua kunong'ona alikuwa ananong'ona. Kisha akanitazama mimi. Nami nikamtazama yeye. Sijawahi kumwomba mtu kitu kwa macho namna ile.

"Hizi," daktari akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika barabarani, "hizi ni habari za kilimo. Maharage."

Baba akainamisha kichwa pande zote, kukubali pongezi. Mimi nikapumua. Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini daktari alikuwa ameamua kwamba karatasi zile zisiingie mikononi mwa mtu mwingine, kwa hiyo akawa wa kwanza kutaja dau, na akataja dau la bata mzima.

Watu wakageuka. Daktari halimi. Daktari ananunua maharage yake dukani. Kama mtu kama yule anatoa bei ya bata kwa ajili ya habari za maharage, basi ndani ya zile karatasi kuna siri. Na mwaka ule maharage yalikuwa yameugua kijiji kizima. Mwanaume mmoja akapandisha. Daktari akapandisha. Kutoka nyuma ikasikika sauti nyembamba, "Na mimi." Alikuwa yule bibi jirani yetu, wa maji ya sabuni.

Bei ilipita bata wawili, ikaanza kuelekea mbuzi. Daktari alitokwa jasho ndani ya joho. Bibi hakuwa na uwezo huo, lakini wanawake waliomzunguka walianza kufungua pembe za khanga wakimchangia, maana walishakubaliana kwamba siri itakuwa ya wote. Daktari hakuwa na watu wa kumchangia. Mpiga mnada akaita mara ya kwanza, mara ya pili, akampa daktari nafasi ya mwisho, daktari akafumba macho, na karatasi zikawa za bibi.

Wanawake wakapiga vigelegele. Baba alikuwa anacheka kwa machozi.

Kwetu mwenye malimbuko ndiye anayekabidhi, kwa mikono miwili, tena kwa neno. Nikaitwa mbele. Nikazichukua makala zangu kwa daktari, aliyeziachia kwa shida, nikasimama mbele ya bibi. Nilikuwa nimeshapanga neno: upande kwa mistari, ubarikiwe, basi.

Bibi akanishika viganja pamoja na karatasi. "Mjukuu wangu," akasema, "kusoma sijui, utanisomea. Mwaka jana ile sabuni ilichoma majani yote. Nilikosea vipimo, mimi ni mzee, usinichukie. Safari hii nisomee polepole ili nisikosee."

Nimefokewa na watu wengi. Hakuna aliyewahi kuniumiza kama bibi yule alivyoniomba msamaha. Shamba lake lilikuwa pale chini tu, tupu, tunaliona wote. Nikamtazama baba, na yeye alikuwa ananitabasamia kwa uso ule ule nilioulinda miaka saba. Nikajua kwamba nikisema, ule uso nimeupoteza, na nisiposema, huyu bibi atapanda tena.

"Bibi," nikasema, "hukukosea vipimo. Mimi ndiye niliyekudanganya. Humu hamna hata punje ya maharage."

Kuku mmoja aliyeuzwa akalia ndani ya kikapu.

"Kuna nini basi?" bibi akauliza.

Nikaeleza. Sikumtazama tena baba. Nilisema mimi si mtu wa maharage, sijawahi kuwa. Kazi yangu ni kuwauliza watu jinsi wanavyoishi na wapenzi wao, wa ndoa na wa pembeni, ili tujue maradhi yanapitia wapi. Nilitafuta maneno ya heshima na mengine sikuyapata, nikayasema yalivyo. Nilisema hii ya kwanza inahusu wanaume wa malori pale Tunduma. Na hii ya pili, nikasema, inahusu jinsi madaktari wanavyoongea na mtu aliyekwenda kwao na ugonjwa wa aibu.

"Wanavyoongea?" Bibi aliziangalia zile karatasi upya. "Wanavyopiga kelele, sema."

Mtu akacheka. Halafu wawili.

"Na huyu wetu yumo?" bibi akauliza, akionesha kwa kidevu.

Kanuni za utafiti zinanikataza kumtaja mtu. Nilikuwa nafikiria namna ya kulikwepa swali wakati sauti ya besi ilipotoka nyuma yangu, ile ya siku zote, ya kufika barabarani.

"Nimo," daktari akasema. "Ukurasa wa sita."

Sijui nani alianza, lakini uwanja mzima ulicheka mpaka watu wakakaa chini. Wanawake walimzunguka daktari wakaanza kumtolea ushuhuda, kila mmoja na siku yake dirishani. Yule aliyepiga mluzi siku ile alikuwepo, akakiri mbele ya kanisa kwamba muwasho ulikuwa wake. Daktari alisimama katikati yao, anavua joho, anasema, "Jamani, mbona hamkuniambia?" na wao wanamjibu, "Tungekuambia vipi, ungerudia kwa sauti!" Bibi akazikunja makala zangu, akazitia kifuani, akasema hata hivyo hakupata hasara.

Nikageuka kumtafuta baba. Hakuwepo.

Nilimwona mgongo tu, anapotelea nyuma ya kanisa. Kicheko kikaniisha. Nikamfuata, nikijua nimemvunjia heshima mbele ya watu wote aliowaongoza kwa sala miaka ishirini. Nilifika kona nikasimama, maana alikuwa amesimama kwenye ua wa miti, amenipa kisogo, anajisaidia haja ndogo. Nikageuza uso kwa adabu. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Kule mbele walimaliza kucheka, wakaanza wimbo, wakafika ubeti wa pili, na baba yangu bado alikuwa amesimama pale pale, mkono mmoja umeshika mti.

Alipokuja alikuwa amechoka. Akaketi kwenye gogo, akanionesha nikae. Nikaanza kuomba radhi, akaniinulia kiganja.

"Hao watu wako," akasema, "unawauliza na wazee?"

"Nawauliza, baba."

"Mwisho miaka mingapi?"

"Hamsini na tisa."

Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo mimi nimepita."

"Umepita, baba."

Akachukua jani, akalichana katikati. "Mimi nilikwenda pale dirishani," akasema. "Nilimweleza kwa sauti ndogo. Akaniambia, sema kwa nguvu mzee, mkojo umefanyaje? Nyuma yangu lilikuwa limekaa kundi zima la akina mama wa sala. Nikasema, hapana daktari, ni maharage. Yananijaza gesi."

"Baba. Maharage?"

"Ndiyo kitu kilichokuja." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nakufikiria wewe."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili, na yeye akanipa leso yake. Miaka minne. Nilikuwa nimewauliza madereva wa nchi tano, nimewauliza wafugaji wa Kamsamba mbele ya wake zao, nimeandika kurasa nzima juu ya watu wanaorudi nyumbani na dawa zisizo zao kwa kuogopa dirisha. Na huyu alikuwa anatafuna vidonge vya gesi mezani, mbele yangu.

"Basi niulize," akasema. "Hivyo hivyo unavyowauliza wao. Siyo kama mtoto wangu."

Dodoso lilikuwa kwenye mkoba. Nikalitoa, nikakunja goti, nikamsomea utangulizi wote kama kanuni inavyotaka: kwamba jina lake halitaandikwa, kwamba yuko huru kukataa swali lolote, kwamba anaweza kusimama na kuondoka wakati wowote bila kuulizwa sababu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema anakubali. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, na baba yangu, mzee wa kanisa, akanijibu.

Kesho yake tulipanda gari la alfajiri kwenda hospitali, wakaikuta tezi dume imevimba, wakaitibu. Daktari wetu alitundika pazia kidirishani, akafundishwa kunong'ona na akina mama wa kwaya, somo ambalo hajafaulu mpaka leo. Lakini Jumapili ile yenyewe tulirudi kwanza nyumbani kula, mimi na yeye tu. Nikamwekea mboga za majani mbele yake kama kawaida. Akazisogeza pembeni, akavuta sufuria yangu, akala maharage sahani mbili, na ya tatu akaniomba.